Mpiga Picha Msafiri na Nuru ya Ziwa

Watu wengi huhesabu upigaji picha kuwa kazi ya chombo. Mwenye kamera nzuri, wasema, hupata picha nzuri, na mwenye kamera mbovu hupata picha mbovu. Rai hii ina sehemu ya kweli, maana hakuna seremala apasuaye mbao kwa kucha zake. Lakini ikiachwa peke yake haiwezi kutueleza kwa nini watu wawili wenye kamera za namna moja, waliosimama ufuko mmoja saa ile ile, hurudi kwao mmoja na jambo na mwingine na karatasi. Tofauti yao imo katika mambo matatu ambayo wapiga picha wasafiri wamebishana juu yake tangu kazi yao izaliwe: ufundi, ubunifu na mafundisho. Nataka kuyapima mambo hayo kwa mizani moja, nayo ni pwani ya Ziwa Victoria, hasa Mwanza na visiwa vya jirani. Pwani hiyo imepitiwa na wapiga picha wengi kwa muda wa karne moja na nusu, na wachache walikaa. Sura zake zimeenea duniani, na mara nyingi wenye sura hizo wamekuwa watu wa mwisho kuziona.

Msomaji wa jarida la fasihi aweza kuuliza kamera imeingiaje katika kurasa zetu. Jibu langu ni kwamba picha haisafiri peke yake. Chini yake huandikwa maneno, kando yake hutungwa habari, na mbele yake husimama msimulizi. Maneno hayo ni shamba letu. Mtu akituambia kwamba picha fulani ni ya kweli au ya uongo, aghalabu anazihukumu sentensi mbili zilizo chini ya picha bila kujua kwamba anafanya hivyo.

WALIOTANGULIA

Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kutoka kilima kilicho karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Alirudi kwao na maneno, na maneno yake yalibishaniwa kwa miaka mingi. Katika safari ya pili, iliyoanza mwaka 1860, mwenzake James Augustus Grant alichukua kamera. Picha alizopiga Unguja mwaka huo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za mji ule. Lakini walipoingia bara aliiweka kamera kando, akashika kalamu na rangi. Kazi ya picha siku zile ilitaka vioo, dawa na hema la giza. Chini ya jua letu ilikuwa adhabu. Kisha Grant aliuguliwa na mguu, akazuiliwa Karagwe kwa miezi kadhaa kati ya 1861 na 1862, huku Speke akitangulia Uganda. Maradhi hayo yalimkalisha kitako mahali pamoja, na achoraye akiwa amekaa hana budi kutazama. Ajizi ni nyumba ya njaa, wasema wahenga, lakini kwa mchoraji huyu kukawia kulikuwa ghala.

Henry Morton Stanley alikuja kwa mwendo mwingine. Alifika Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa, mwezi wa Februari 1875, na mashua iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani ya bahari. Naye alikuwa na kamera, na mwaka huo alimpiga picha Kabaka Mutesa pamoja na wakuu wake. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1878, wasomaji hawakupewa picha yenyewe. Walipewa mchoro uliochongwa kwa kuifuata picha, kwa kuwa mitambo ya vitabu ya wakati ule haikuwa na njia rahisi ya kuchapa picha za kamera pamoja na maandishi. Basi kati ya uso wa Kabaka na jicho la msomaji palisimama mkono wa fundi aliyekuwa Ulaya, akinyoosha hapa na kukoleza pale. Watu waliamini kwamba wanaona jua limechora, kumbe mtu alichora.

Katika wawili hawa twaona mapema njia mbili ambazo wasafiri wote wa baadaye wamezifuata. Njia moja ni ya kuchukua na kupita, na nyingine ni ya kukaa mpaka kitu kijifunue. Sisemi kwamba Stanley hakuwa na bidii. Bidii yake ilikuwa kubwa kupita kiasi. Nasema kwamba mwendo wa safari huingia katika picha, kama vile haraka ya mpishi iingiavyo katika wali.

UFUNDI

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, akiwaahidi wanunuzi kwamba kazi yao ni kubonyeza tu na mengine yote atayafanya yeye. Ahadi hiyo imekuwa ikitolewa upya kila kizazi, na simu za leo zairudia kwa sauti tamu zaidi. Lakini nuru ya ziwa haikuwahi kukubali mkataba huo.

Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini ya mstari wa ikweta. Saa sita mchana jua husimama karibu na utosi. Kivuli cha paji la uso hufunika macho, kivuli cha pua hufunika mdomo, na maji yaliyo nyuma ya mtu hung'aa kama bati. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera ni mtumishi mwaminifu lakini mjinga: hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Kikiona maji mengi yanayong'aa hufikiri kwamba nuru imezidi, hupunguza, na mvuvi aliyesimama mbele ya maji hayo hugeuka kipande cha giza chenye mikono. Ndiyo maana picha nyingi za wavuvi wa ziwa hili, hasa zile za machweo zinazopendwa na wauza kadi, zina mitumbwi, zina makasia, zina anga jekundu, na hazina uso hata mmoja.

Msafiri hujitetea akisema kwamba kivuli kina uzuri wake. Sibishi kwamba kina uzuri. Lakini uzuri uliopatikana kwa sababu mtu hakujua kupima nuru hauwezi kuitwa uamuzi, na mazoea ya miaka mingi ya kuonyesha watu wasio na nyuso yana athari. Anayetazama picha mia moja za namna hiyo hujifunza pasipo kufundishwa kwamba pwani ile ina umbo na haina mtu. Hapa kosa la ufundi limegeuka kosa la adabu.

Dawa yake yajulikana, wala si ghali. Pima nuru kutoka usoni pa mtu, au katika kiganja chako ukijua tofauti ya rangi iliyopo, usipime kutoka majini. Fungua tundu la lenzi hatua moja au mbili, na maji yaachie yawe meupe yapendavyo. Mwombe mtu ahamie kivuli cha mwembe au ubavu wa mtumbwi uliopandishwa pwani. Au ngoja: saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni jua huja kwa ubavu, na ngozi nyeusi iliyolowa maji huonyesha mng'ao ambao ngozi nyeupe haina. Mahali dagaa wanapoanikwa ipo nuru nyingine, ambayo wachache huitambua. Dagaa wabichi ni kama vioo vidogo maelfu. Mwanamke akiinama kuwageuza, jua hurudi kutoka chini na kumulika uso wake uliofichwa na kilemba. Aliyekaa na wanikaji nusu siku huigundua nuru hiyo mwenyewe. Aliyepita kwa dakika tano huondoka akilalamika kwamba kinamama wa hapa huinamisha nyuso.

Yafaa tukumbuke pia kwamba chombo chenyewe hakikuzaliwa bila upendeleo. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliyapelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, na uso wake ndio uliohesabiwa kuwa kipimo cha uso wa mwanadamu. Picha ikitoka na watu weusi wasioonekana ila meno na macho, lawama iliwaangukia watu hao, kana kwamba rangi yao ndiyo iliyokosea. Baadaye filamu zilitengenezwa upya na vyombo vikawa bora. Lakini mazoea ya jicho hayabadiliki pamoja na dukani. Fundi asiyejua historia ya chombo chake huirithi kasoro yake na kuiita sheria ya maumbile.

Mfano wa mwisho wa ufundi ni uvuvi wa dagaa. Wavuvi hutoka usiku usio na mwezi, maana samaki hao huifuata taa. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu za jua. Kutoka pwani, taa hizo hufanana na mji uliohamia majini, na mpiga picha akiisimamisha kamera juu ya jabali na kuiacha ikiwa wazi kwa sekunde nyingi atapata mstari wa nuru ulionyooka. Picha hiyo ni nzuri, na kila mtu anayo. Akitaka mikono ivutayo wavu hana budi kupanda mtumbwi, na mtumbwi hauachi kuyumba. Sekunde nyingi hazifai tena. Lazima achague kati ya picha yenye chengachenga na picha yenye ukungu, alowe, na akae mpaka alfajiri pamoja na wenye kazi. Twaona basi kwamba ufundi, ukifuatwa mpaka mwisho wake, hutufikisha mlangoni pa swali lisilo la ufundi: umekubali kwenda wapi, na pamoja na nani?

UBUNIFU

Neno ubunifu limeharibiwa na watu wanaodhani kwamba kubuni ni kushangaza. Kwao mpiga picha mbunifu ni yule alalaye chini, apandaye mti, au apindishaye upeo wa macho. Kwangu mimi ubunifu ni kujua pa kusimama, na kujua kwa nini umesimama pale.

Tuchukue ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu zamani. Baada ya mavuno hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila upande ukitumia nyimbo, mbwembwe, dawa na wakati mwingine nyoka wakubwa. Mshindi huamuliwa na watazamaji: upande unaovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yameuhifadhi utamaduni huo, na wageni wengi huenda huko na kamera zao. Sasa tazama picha zinazotoka. Karibu zote zaonyesha mchezaji na chatu shingoni. Mpiga picha ameupa umati mgongo. Amempiga mshindani akamwacha hakimu. Ameonyesha hoja akaficha hukumu. Anayeitazama picha ile hudhani ameona maajabu ya watu wa mbali, ilhali jambo lenyewe ni mashindano ya kuuteka moyo wa jirani, jambo ambalo kila mwanasiasa na kila mshairi duniani angelielewa. Mwenye ubunifu angegeuka nyuma. Angeipiga picha ile hali ya umati unapoanza kumeguka upande mmoja na kukimbilia wa pili, vumbi likipanda, na mchezaji aliyeachwa akiongeza bidii. Kugeuka huko hakuhitaji kamera mpya. Kunahitaji kuuliza kabla ya kubonyeza.

Kipimo kigumu zaidi cha ubunifu juu ya pwani hii ni filamu ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004. Ilitengenezwa Mwanza, habari yake ikiwa sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya ishirini, akawala furu na aina nyingine nyingi, kisha minofu yake ikawa bidhaa ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Ilishindania tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi. Wengine waliitetea kama kilio cha wanyonge. Mabishano yalikuwa makali, lakini wengi walibishana juu ya Tanzania, wakasahau kuihukumu filamu.

Mimi naona ndani yake wapiga picha wawili. Wa kwanza ni yule aliyekaa. Alikaa usiku na mlinzi mwenye upinde na mishale mpaka mlinzi akasema fikira zake zote, nyingine zenye kutisha, kwa upole na bila kuharakishwa. Alimsikiliza kijana mchoraji aliyechora maisha ya watoto wa mitaani, na kwa dakika chache mwenyeji akawa mwenye kutazama, si mwenye kutazamwa tu. Sehemu hizo zitadumu. Wa pili ni yule aliyeunganisha. Ameweka picha ya ndege za mizigo kando ya picha ya njaa, na njaa kando ya mazungumzo juu ya silaha, mpaka mtazamaji aone kwamba amethibitishiwa jambo moja, ilhali ameonyeshwa mambo matatu yaliyoketi karibu. Rubani asimuliapo shehena ya vita, asimulia Angola. Lakini mtazamaji ameketishwa uwanja wa ndege wa Mwanza tangu mwanzo, na moyo wake hujaza mwanya wenyewe. Hiyo ni nguvu ya mpangilio wa picha, na washairi waijua vizuri, maana ndiyo nguvu ya kuweka kina kando ya kina. Vina viwili vyaweza kupatana kwa sauti bila kupatana kwa maana.

Hata mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, yaligeuka uwanja wa vita. Wapo waliosema ni chakula cha mifugo, wapo waliosema ni kitoweo cha maskini. Mtu wa Mwanza ajua kwamba yamekuwa yote mawili, na kwamba kuna mapanki yaliyooza na kuna mapanki yaliyokaangwa vizuri yakauzwa. Picha ilionyesha yaliyooza. Haikusema uongo juu ya yale iliyoyaonyesha. Ilinyamaza juu ya mengine, na kunyamaza kwa picha husikika kama kusema yote. Serikali ililaumu kile kilichoonyeshwa, na kwa hiyo lawama yake ilikuwa dhaifu. Ingalilaumu kile kilichorukwa, ingalikuwa na hoja.

Nikitaka kuonyesha namna nyingine ya kutazama, namtaja mtu asiyeshughulika na kamera. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe kufikia mwaka 1945 riwaya ndefu juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakupata mchapaji wa lugha hiyo, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, baada ya miaka 35, muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1981. Humo pombe ya ndizi haitajwi tu. Twaiona ikipikwa hatua kwa hatua. Dawa haitajwi tu. Twauona mti, twamwona aichimbaye, twasikia anavyoagizwa. Mtu aliyezoea riwaya za haraka hulalamika kwamba kitabu kinakawia. Kinakawia kwa sababu kila kazi yapewa muda wake wa kweli. Hapa kalamu imefanya ambalo kamera moja haiwezi: imeonyesha kabla na baada. Pombe ile haina maana bila kujua kwamba mume apika ili arudishiwe mke aliyechukuliwa na wakwe. Picha ya mtu apondaye ndizi, hata ikipigwa na bingwa, yatuonyesha mtu apondaye ndizi. Mpiga picha asomaye Kitereza hatajifunza kupima nuru. Atajifunza kwamba nyuma ya kila tendo lipo deni, ahadi au uchungu, na kwamba kazi yake ni kulitafuta kabla hajainua kamera.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Atatokea mtu aseme kwamba nawaonea wasafiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni huona ambalo mwenyeji amelizoea mpaka limemtoka machoni. Hoja hii ni nzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Mkazi wa Mwanza hupita kando ya Jiwe la Bismarck kila siku bila kuyashangaa majabali yaliyobebana kama mizigo, na yawezekana kwamba ni mgeni aliyemfundisha kuyatazama tena.

Hata miongoni mwetu, mpiga picha aliyekuwa mkubwa kuliko wengi alikuwa msafiri wa kudumu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko alianzisha Camerapix mwaka 1963. Mwezi wa Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk, na picha zake za njaa ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Visiwa vya Ngazija mwaka 1996. Mtu huyu alipita nchi nyingi, na hakuna awezaye kusema kwamba hakuona.

Lakini tazama alivyoona. Kule Korem kamera yake haikukimbia kutoka maajabu hata maajabu. Ilitembea polepole juu ya watu waliokaa chini alfajiri, ikawaacha wanaotazamwa nao watazame. Na picha hizo zilikwenda pamoja na maneno ya Buerk, maneno machache yaliyopimwa, ambayo hayakushindana nazo. Kwa hiyo safari si ila. Ila ni pupa. Mgeni apaswaye kumponya mwenyeji ni yule aliyeketi, akala, akauliza habari. Yule aliyechungulia dirishani na kwenda zake hajawa mgeni bado.

MAFUNDISHO

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii imefundishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya nyumba: baba humwachia mwana, kama Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaiendesha. Ya pili ni ya kujifunza mwenyewe, kama Amin, ambaye alianza na kamera kuukuu utotoni, na ambaye baada ya kifo chake jina lake lilipewa taasisi ya kuwafunza vijana mjini Nairobi. Ya tatu ni ya darasani. Mwanza ina darasa hilo: chuo kilichoanza Nyegezi mwaka 1960 kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998, na uandishi wa habari ni miongoni mwa masomo yake ya kale. Kila njia ina fadhila yake. Nyumba hufundisha subira, kujitegemea hufundisha ujasiri, darasa hufundisha sababu za mambo.

Yupo mwalimu wa nne asiyetajwa, naye ni mpiga picha wa mtaani, yule aliyezunguka ufukoni Jumapili akiwapiga picha wachumba na familia mbele ya majabali, kisha akasafisha picha na kuzipeleka nyumbani kwao. Simu zimempunguzia riziki sana. Wasomi humdharau kwa sababu picha zake zafanana. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo msafiri mashuhuri alilikosa: mtu aliyepigwa picha ndiye aliyekuwa mnunuzi na hakimu. Ikitoka uso mweusi kama chungu, haikulipiwa. Basi alijifunza kupima nuru kutoka usoni kwa sababu ya njaa yake, hali mwenye kamera ya thamani hakujifunza, kwa sababu hakimu wake alikuwa mbali, mhariri ambaye hakumjua mvuvi yule wala kumwuliza kama ameridhika.

Kutokana na hayo natoa mashauri manne kwa mwenye kufundisha. Kwanza, mwanafunzi apelekwe Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, siku nzima bila kamera, kisha aandike ukurasa mmoja juu ya alichokiona. Asiyeweza kuandika alichoona hataweza kukipiga picha, ila kwa bahati. Pili, apewe idadi ndogo ya picha za kupiga. Zamani filamu yenyewe ilimpimia, 12 au 36. Leo simu humpa elfu, na wingi humwondolea ulazima wa kuchagua. Tatu, kila picha irudishwe kwa mwenye uso, naye aulizwe anaionaje. Jibu lake lisiwe amri, lakini lisikiwe.

Shauri la nne ndilo nalolitilia mkazo kuliko yote: majina yaandikwe. Fungua kitabu chochote cha picha za kale za nchi hizi, utakuta chini ya mzungu jina lake, cheo chake na tarehe, na chini ya jirani yake utasoma mvuvi, mpagazi, msichana wa Kisukuma. Wala ugonjwa huu haukuwapata wapigwao picha peke yao. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga picha watu wa mji wake kwa heshima isiyo na kifani, picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 zilitundikwa bila jina lake, kana kwamba zilijipiga zenyewe. Jina lilipatikana baadaye, naye alikuwa bado hai. Wangapi hawakupata bahati hiyo?

Jina si pambo. Picha isiyo na jina yaweza kupewa habari yoyote: leo itasema njaa, kesho itasema furaha, keshokutwa itauza sabuni. Picha yenye jina, mahali na tarehe ina ndugu wa kuitetea. Mjukuu ataikuta, atasema huyu ni bibi yangu, alianika dagaa mwalo fulani mwaka fulani, na kuanzia hapo msafiri hawezi tena kusema alipendalo.

Hukumu yangu basi ni hii. Ufundi ni kuutendea haki uso, ubunifu ni kuitendea haki habari, na mafundisho ni kuwatendea haki watakaokuja. Tatu hizo zikikaa pamoja, mpiga picha aweza kuwa mzaliwa wa Ukerewe au wa nchi yoyote ya mbali, nasi tutampokea. Vijana wa Mwanza wanazo kamera mikononi mwao leo kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na ziwa lao limekwisha simuliwa sana na wapita njia. Wajibu wa waalimu wetu, wa picha na wa lugha pamoja, ni kuhakikisha kwamba vijana hao hawatarithi vivuli vya wapita njia wakaviita picha za nyumbani.